Bomba la Malachy, Asubuhi ya Misa

Bomba la jikoni kwa Malachy Durkan lilivuja miaka mitano, na katika miaka hiyo yote mwenyewe hakuliona kuwa bovu. Tone moja, kimya kidogo, tone jingine. Mtu anayeishi peke yake na mbwa mvivu wa kubweka huzoea chochote chenye sauti ndani ya nyumba. Lilianza kuvuja mwaka aliofariki mama yake, na tusimwonee bure: alijaribu kulizuia. Alilikaza. Kila likidondosha alilikaza zaidi, kwa mikono ile iliyozoea kukamua ng'ombe kumi na mmoja asubuhi na jioni, mpaka kipira cha ndani, ambacho kazi yake ni kuziba njia ya maji kwa upole tu, kikasagika. Nusu ya wanaume wa kijiji cha Clooncarra huyaua mabomba yao hivyohivyo, kisha humlaani fundi aliyeyafunga.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba. Shule aliiacha akiwa na kumi na tatu, wiki ile baba yake alipozikwa, kwa sababu ng'ombe hawajui matanga. Mara moja tu alivuka maji kwenda Uingereza, msimu mmoja wa kuvuna viazi, akarudi na suti ya buluu ambayo bado ilikuwa inamtosha. Dada yake Attracta alipokwenda Leeds, hukohuko Uingereza, yeye alienda moja kwa moja, akaolewa huko, akawa wa kuja Krismasi. Malachy akabaki na mama yao, Delia. Mwaka wa mwisho mikono ya mama ilikataa kunyanyuka, basi kila Jumamosi alimkalisha kwenye kiti, mgongo kwenye sinki, taulo mabegani, akamwosha nywele, akipima joto la maji kwa kifundo cha mkono kama ya kitoto kichanga. Jambo hilo hakumwambia mtu. Mwanaume wa Clooncarra atakusimulia usiku kucha jinsi alivyomzalisha ng'ombe wake, lakini kumwosha mama yake nywele ataingia nalo kaburini.

Sasa, huko misa huja nyumbani. Mara mbili kwa mwaka padre huliacha kanisa lake akaja kusali jikoni kwa mtu, majirani wakajaa mpaka mlangoni, kisha wote wakanywa chai pamoja. Clooncarra ilikuwa na nyumba kumi na moja katika zamu hiyo, na zamu ikikufikia unapaka rangi. Unapaka kuta, madirisha, geti, banda la kuku, na mbwa asipojihadhari anapakwa na yeye. Mara ya mwisho misa kusaliwa kwa akina Durkan ilikuwa vuli ile kabla Delia hajafa. Sasa zamu ilikuwa imezunguka tena, na katika daftari la Padre Tansey nyumba ile bado iliandikwa kama ilivyoandikwa siku zote: Kwa Delia Durkan.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, Padre Tansey alikuja akasimama uani, kofia mkononi.

"Malachy, dada yako ameniandikia barua."

"Anasemaje?"

"Anasema mzigo umekuelemea. Mwanaume peke yake, watu thelathini wa kulisha. Anaomba nyumba hii niitoe kwenye orodha. Anasema kwa upendo, usimchukie."

Malachy alitazama buti zake. "Na wewe Padre, unasemaje?"

"Mimi nasema tusali kwanza. Misa ikiisha tutajua."

Padre akavaa kofia akaondoka, na Malachy akabaki pale uani na hofu ambayo hakuwa ameijua tangu utoto. Alizijua nyumba zilizotoka kwenye orodha. Kwa akina McGoldrick, pale chini ya njia, ilitoka mwaka mzee alipobaki peke yake. Leo mzee hayupo, madirisha hayapo, na ndama wa mtu hulala sebuleni. Nyumba isiyotarajiwa na mtu yeyote huanza kufa mwenyewe angali ndani. Hilo ndilo alilolihofia, na alikuwa na haki ya kulihofia.

Basi akapaka rangi kama mwendawazimu. Akapaka kila kilichosimama. Akasugua jiko la chuma, akafua mapazia, akanunua keki mbili za matunda; mayai hakununua kwa sababu kuku walikuwepo. Siku moja kabla ya misa, Nuala Feeney, jirani wa nyumba inayofuata, akaleta vikombe vya kuazima kwenye kapu. Nuala alikuwa na miaka sitini na mdomo usio na likizo. Aliweka kapu mezani, akasikiliza, akainua kidole.

"Hilo nini?"

"Lipi?"

"Hilo bomba. To! To! Mungu wangu, Malachy, hebu fikiria. Padre ameinua hostia, watu tumepiga magoti, kimya, hata nzi hapumui, halafu bomba lako: to! Nitacheka. Nakuambia mapema, nitacheka, na dhambi itakuwa yako."

"Nitalitengeneza."

"Utamwita fundi?"

"Fundi hawezi kuja mpaka wiki ijayo. Nitalitengeneza mwenyewe."

Nuala alicheka mpaka ikabidi ashike meza. "Wewe? Wewe uliyefunga kengele ya mlango ikawa inalia kwetu?"

Alimchoma, na mtu akishachomwa hivyo hana njia ya kurudi nyuma. Jioni ile Malachy alipanda baiskeli mpaka dukani, akanunua kipira kipya kwa kukisia, akakiweka kwenye mfuko wa shati.

Siku ya misa aliamka alfajiri, akakamua, na saa moja kamili alikuwa amelala chali chini ya sinki, akitafuta koki ya kufungia maji ya nyumbani. Aliipata. Ilikuwa imepakwa rangi. Tangu maji ya bomba yafike Clooncarra miaka kumi na minne nyuma, zamu ilikuwa imefika pale mara tatu, hii ikiwemo, na mara zote tatu koki ile ilipakwa pamoja na kila kitu kingine, kijani juu ya krimu juu ya kijani, na tabaka la mwisho alilipaka mwenyewe wiki mbili zilizopita, tena kwa uangalifu. Haikugeuka. Ilikuwa imegandana na bomba lake kama pipi iliyosahauliwa mfukoni.

Ilibaki koki kubwa ya barabarani, chini ya kifuniko cha chuma pale getini, inayofunga maji ya nyumba zote tano za njia ile. Ufunguo wake maalumu, wenye mpini mrefu, ulikuwa kwa Hubert, mume wa Nuala, ambaye ndiye mwangalizi wa maji ya mtaa. Lakini kwenda kwa Hubert ni kwenda kwa Nuala. Malachy akajipa moyo kwamba dakika kumi hazimkaushi mtu. Akachukua spana ya trekta, akailazimisha, koki ikalia, ikageuka, ikafunga.

Kazi yenyewe, niseme ukweli, aliifanya vizuri. Aliondoa kishikio cha bomba, akafungua nati kwa kitambaa asiikwaruze, akachomoa shina, na pale chini akakiona kile kipira: kipande cheusi, kimeliwa, kimepasuka pande mbili. Akakitoa kwa ncha ya kisu. Akachukua kile kipya mfukoni. Kilikuwa kidogo. Kilicheza pale ndani kama njegere kwenye kikombe.

Saa moja na nusu. Duka lisingefunguliwa kabla ya saa tatu, na ni mwendo wa maili nne. Akatazama huku na huku jikoni kwake, akitafuta mpira, mpira wowote, na nyuma ya mlango zilikuwa buti za mama yake, zile ndefu za mpira, za matope.

Miaka mitano hakuna aliyezigusa. Alifagia pembeni yake, alipaka rangi akizizunguka, lakini hakuzisogeza. Akazitazama sasa. Kisha akazichukua, akakaa nazo kwenye kiti, moja mapajani, na akamsikia Delia waziwazi kama yuko chumba cha pili, kwa sababu alijua kabisa angesema nini: Unangoja nini, wewe mjinga, unadhani nitazirudia? Akacheka peke yake, macho yakiwa yameloa. Kisha akapiga moyo konde, akakata kiduara kutoka juu ya shingo ya buti, akakichonga, akakipima, akakichonga tena. Kiliingia na kukaa kama kilizaliwa mle. Akarudisha shina, akakaza nati, akarudisha kishikio, akaliacha bomba wazi ili ajue maji yakirudi, akatoka kwenda getini na furaha ambayo hakuwa nayo siku nyingi.

Koki ya barabarani haikufunguka. Alijaribu mara moja, mara mbili, na spana ikateleza. Akainama kutazama. Kichwa cha koki, kilichokuwa na pembe nne alipoanza, sasa kilikuwa mviringo kama kitunguu. Ile spana ya trekta ilikuwa imekila. Akajaribu kwa koleo, akajaribu kwa nyundo, akajaribu kwa sala. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini, watu thelathini wangefika saa nne, na maji yote aliyokuwa nayo yalikuwa nusu birika.

Na ndipo Nuala Feeney alipotokea njiani. Alikuja kwa hatua ndefu, taulo kichwani, povu la sabuni likimteremka shingoni mpaka kwenye kola ya koti.

"Malachy Durkan!"

"Nuala, ngoja nikueleze..."

"Nimeinamisha kichwa kwenye beseni, sabuni machoni, nafungua maji, hamna! Namwita Hubert, Hubert kanyoa nusu ya ndevu! Hamna tone kutoka hapa mpaka juu kwa akina Gillooly! Umefanya nini?"

"Nilitaka lisidondoke."

"Basi hongera! Halidondoki! Hakuna linalodondoka parokia nzima!"

Malachy alikaa chini kwenye ukingo wa nyasi, spana mkononi. Hakujitetea. Alizungumza taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Mwambie Padre asije, Nuala. Apeleke misa kwenu, vikombe viko tayari kwenye kapu. Attracta alisema kweli. Mimi siwezi."

Hapo Nuala alifunga mdomo, na waliokuwepo Clooncarra miaka hiyo watakuambia jambo hilo halikutokea mara nyingi. Alijua habari za barua. Attracta alikuwa amemwandikia yeye pia. Alimtazama yule mwanaume aliyemjua tangu wote wawili wakiwa wanatembea pekupeku, akaona nywele alizozichana kwa maji, suti ya buluu ikining'inia dirishani ikisubiri, na rangi mbichi kila mahali, hadi kwenye jiwe la kushikilia geti.

"Attracta yuko Leeds," alisema. "Simama. Kile kisima cha akina McGoldrick kina maji mpaka leo. Lete ndoo."

"Hakijatumika miaka kumi na minne."

"Tulikunywa maji yake miaka arobaini, tena wewe ulikunywa na vyura wake. Simama, nimesema! Na Hubert aje na tupa, akichongee kichwa kipya hicho kidude chako."

Habari zilipanda njia ile haraka kuliko maji yalivyowahi kuipanda. Watu walitoka kila nyumba na makopo ya maziwa, ndoo, masufuria, na mwanamke mmoja wa kwa akina Gillooly alikuja na bafu la mtoto. Walikata miiba iliyofunika kisima kwa panga, wakateka, wakapanga mstari. Wazee waliokuwa hawajaongea na kisima kile tangu maji ya bomba yafike walianza kusimuliana nani aliteleza wapi, na nani alimsubiri nani pale jioni zamani hizo. Malachy alibeba ndoo mbili mbili, akiomba radhi kwa kila aliyepishana naye, mpaka Gillooly mkubwa akamwambia, "Bwana, ukiomba radhi mara moja zaidi nitakumwagia hii." Saa tatu na nusu jiko la chuma lilikuwa na birika tatu na sufuria mbili juu yake, na suti ya buluu ilikuwa imevaliwa.

Misa ilianza kwa wakati. Padre Tansey alisimama nyuma ya meza ya jikoni iliyotandikwa kitambaa cheupe, na watu walijaa ukutani, ngazini, mlangoni. Nuala alisali na skafu kichwani, na sabuni imekauka chini yake, akijikuna kwa heshima. Mtu mmoja tu hakuwa ndani. Hubert alikuwa shimoni getini, nusu ya uso ikiwa na ndevu, akipiga tupa. Mlango uliachwa wazi ili naye asikie misa, na kwa hiyo misa nayo ilimsikia yeye. Padre alipoinua hostia na watu wakapiga magoti, jikoni hakukuwa na sauti ya tone lolote; ilisikika tupa tu kutoka barabarani, kru, kru, kru, ikanyamaza ghafla, na wote wakajua Hubert amepiga magoti pia. Nuala hakucheka. Aliponiambia habari hizi miaka mingi baadaye, alisema kidogo alie.

Wakati wa komunyo Padre alitoka nje, akapita uani, akampelekea Hubert pale shimoni. Hubert alipokea kwa ulimi, kwa sababu mikono yake ilikuwa kutu tupu.

Baada ya misa walikula. Mkate wa soda, nyama ya nguruwe ya kukaanga, mayai, keki zote mbili, na chai ya maji ya kisima, ambayo kila mtu aliisifu mno mpaka ikawa kama dhihaka. Padre alipewa kiti cha heshima, karibu na sinki. Na pale alipokuwa anavunja ganda la yai lake, Hubert akapiga ukelele barabarani, mabomba yakakohoa ndani ya ukuta, na lile bomba, ambalo Malachy aliliacha wazi na kulisahau kabisa, likafoka kwa nguvu zote. Maji ya kutu yaligonga sinki, yakaruka, yakamlowesha mtumishi wa Mungu kuanzia begani mpaka sahanini.

Malachy alilifikia kwa hatua mbili. Akanyoosha mkono wake wa kukamulia, akajizuia, akaligeuza kwa vidole viwili tu, taratibu, mpaka maji yakakoma.

Watu thelathini, vikombe hewani, walikazia macho mdomo wa bomba. Padre, akichuruzika, aligeuka kitini naye akatazama. Hubert akaingia mlangoni akihema. "Yamekuja?"

"Shhh!" walimwambia wote kwa pamoja.

Wakasubiri. Mtu mmoja alihesabu mpaka ishirini kwa sauti ya chini. Halikudondosha. Gillooly mkubwa akaanza kupiga makofi, na jikoni kote kukalipuka shangwe, na Malachy akasimama katikati yake asijue mikono aiweke wapi.

Padre Tansey akajifuta uso kwa kitambaa, akachukua daftari lake dogo. Watu walianza kutulia, maana ndio wakati wa kusoma zamu zijazo. Alisoma nyumba ya vuli, akasoma ya mwaka kesho, moja baada ya nyingine. Akafika mahali akasimama. Malachy alijua amesimama wapi.

"Kwa Delia Durkan," alisoma Padre.

"Hapo pana makosa, Padre," alisema Nuala.

Malachy hakumtazama mtu. Aliwaza kwamba walau wamemalizia kwa chai, walau mayai yalitosha.

"Delia yuko makaburini miaka mitano, Mungu amrehemu," Nuala akaendelea. "Kama ni kualika watu, atawaalikaje? Mwandike mwenye nyumba."

Hubert alitikisa kichwa kukubali, akina Gillooly wakatikisa. Padre akalowesha ncha ya penseli kwa ulimi, akamtazama Malachy, hakumtazama kama anayemhurumia bali kama anayeuliza njia.

"Nikuandike?"

Malachy akainamisha kichwa mara mbili, ndiyo, ndiyo. Padre akakata mstari mmoja, akaandika maneno mawili, akafunga daftari. Machozi yakamtoka Malachy mbele ya kadamnasi, mtu mzima ndani ya suti ya ujana wake, na hakujaribu kuyaficha wala hakuna aliyemcheka. Nuala akamtupia taulo ya vyombo, akamwambia yeye ataosha na Malachy atafuta, maana vikombe vilikuwa arobaini na kesho alivihitaji.